Kupika Mboga za Majani Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya watu wanaoanza kupika mboga za majani hayabadiliki. Kwa nini mboga yangu imejaa maji? Kwa nini imepoteza rangi ya kijani na kuwa ya hudhurungi? Kwa nini nausikia mchanga menoni ilhali niliiosha? Kwa nini fungu kubwa nililoanza nalo limeishia kuwa konzi moja? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kuanzia unaposhika mboga mbichi mkononi hadi zinapofika mezani, na umejikita katika namna moja tu ya upishi: majani yaliyochambuliwa, yakaoshwa, yakakaushwa na kukatwa, kisha yakaungwa kwa kitunguu na mafuta kidogo kwa dakika chache.

Namna hii imechaguliwa kwa sababu anayeimudu ataweza kupika karibu kila jani linaloliwa kwa kuiva haraka, bila kuhitaji maelekezo mapya kila mara. Shika jambo moja tangu mwanzo: mboga nyingi zinazoharibikia jikoni huharibiwa na maji na muda. Yapo maji yanayobaki juu ya majani baada ya kuosha, yapo yanayoongezwa sufuriani bila sababu, na zipo dakika ambazo mboga iliyokwisha kuiva inaachwa motoni kwa kuwa mpishi anashughulika na jambo jingine. Ukivitawala viwili hivi, viungo vingine vyote vinakuwa hiari yako.

Ijue kwanza mboga uliyo nayo

Kabla ya kuwasha jiko, amua kama majani yako ni laini au magumu. Majani laini, kama mchicha na spinachi, ni membamba, hunyauka mara yanapokutana na joto, na huiva kwa dakika 2 hadi 4. Majani magumu, kama sukuma wiki na kabichi, ni mazito kidogo yakishikwa, yana mshipa mnene wa kati, na huhitaji dakika 6 hadi 10. Ukiwa na aina ambayo hujawahi kuipika, kunja jani moja katikati: likikunjika kimya bila kuvunjika ni laini, likivunjika kwa mlio au likikataa kukunjika lihesabu kuwa gumu. Makundi haya mawili yasiingie sufuriani kwa wakati mmoja, kwa maana moja litakuwa limerojeka kabla la pili halijalainika. Ukitaka kuyachanganya, tanguliza magumu.

Yapo majani ambayo mwongozo huu hauyahusu, na hapa ninaomba usifanye majaribio. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, ambayo ni sumu, kwa hiyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kuliwa. Kuyakaanga kwa dakika chache hakutoshi kabisa. Majani ya magimbi nayo yana chembe zenye ncha kali zinazowasha mdomo na koo yasipopikwa kwa muda wa kutosha. Majani ya porini usiyoyatambua kwa uhakika yaache yalipo.

Vinavyohitajika

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu 4, mboga ikiwa ni kitoweo cha pembeni na siyo mlo kamili.

- Majani laini gramu 600, au majani magumu gramu 500, yakipimwa baada ya kuchambuliwa.
- Kitunguu maji 1 cha ukubwa wa wastani.
- Punje 2 za kitunguu saumu.
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2.
- Chumvi nusu kijiko cha chai.
- Nusu ya limau au ndimu, ukipenda.
- Kikaangio au sufuria pana, yenye kitako cha sentimita 28 hivi au zaidi.
- Beseni au bakuli kubwa la kuoshea, chujio, na vitambaa viwili safi vya kukaushia.
- Kisu chenye makali, ubao wa kukatia na mwiko.

Ikiwa huna budi kuchagua kifaa kimoja cha kuzingatia, zingatia upana wa chombo cha kupikia. Sufuria nyembamba na ndefu hulundika majani, ya chini yakatoa maji na ya juu yakafukizwa na mvuke, hata mboga ikawa imechemka badala ya kukaangwa. Chombo kipana hupa maji nafasi ya kukauka kadiri yanavyotoka. Kama sufuria pana haipatikani, pika kwa awamu mbili.

Wingi wa majani usikutishe. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa spinachi ni maji, na jani likipoteza uimara wake hulala. Lundo linalojaa sufuria hadi ukingoni litaishia kufunika kitako tu, na wanaoanza wengi hupika kidogo mno kwa kuwa walipima kwa macho mboga ikiwa mbichi.

Hatua za kufuata

1. Chambua majani. Tandaza mboga mezani na uipitie jani kwa jani. Ondoa majani ya njano, yaliyooza, yanayoteleza au yenye wadudu. Matundu machache yaliyoliwa na wadudu hayana madhara, lakini utelezi ni dalili ya uozo, na jani moja lililooza huharibu harufu ya chungu kizima. Vikonyo vya majani laini, vikiwa vichanga na vikikatika kwa urahisi ukivibana kwa kucha, vibakize. Vilivyokomaa na kuwa na nyuzi vitupe.

2. Osha kwa kuzamisha, wala usitegemee kupitisha maji juu juu. Hatua hii inadharauliwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha ule mchanga menoni. Jaza beseni maji safi ya baridi, zamisha majani yote, yatikise kwa mikono miwili, kisha yaache yatulie kwa dakika 2 au 3 ili udongo uzame. Baada ya hapo yainue kwa mikono na kuyaweka kwenye chujio. Usimimine beseni lote kwenye chujio, kwa sababu mchanga uliokwisha kutua chini utamwagika tena juu ya majani yaliyokuwa safi. Majani yakishatoka, pitisha vidole kwenye kitako cha beseni. Ukihisi chembe hata chache, mwaga maji, suuza beseni na urudie. Mara nyingi maji ya tatu hutoka safi. Mboga iliyovunwa wakati wa mvua huweza kudai zaidi. Kunjo lililo pale jani linapoungana na kikonyo hulificha tope, basi lifungue kwa kidole gumba.

Angalizo: usioshe mboga kwa sabuni. Majani huinyonya, na suuza haiitoi yote. Pia osha kabla ya kukata, kwa kuwa vitamini C na vitamini nyingine zinazoyeyuka majini hutoka kwa wingi kupitia sehemu zilizokatwa.

3. Kausha majani. Yatikise vizuri ndani ya chujio, kisha yatandaze juu ya kitambaa kimoja na kuyafunika kwa cha pili, ukikandamiza taratibu. Kama muda unaruhusu, yaache hivyo kwa dakika 15 au 20. Si lazima yakauke kabisa, ila yasiwe yanachuruzika. Matone yanayoning'inia kwenye majani yakiingia kwenye mafuta ya moto huruka na kuunguza mikono, na baadaye hushusha joto la sufuria kiasi kwamba kinachofuata ni kuchemka. Yeyote anayelalamika kwamba mboga yake ina maji mengi, nami hujibu kwa kumuuliza aliikausha vipi.

4. Kata. Kwa majani magumu, kunja jani kwa urefu ili mshipa wa kati ubaki upande mmoja, uukate utoke, kisha panga majani matano au sita, yaviringishe kama mkeka na kuyakata vipande vyembamba vya nusu sentimita hivi. Wembamba huo ndio unaoyafanya majani magumu yaive upesi bila kuongezewa maji. Mishipa ya kati si takataka: ikatekate midogo sana na uiweke kando, itatangulia sufuriani. Majani laini hayahitaji kazi hiyo yote. Yakate vipande vya sentimita 3 au 4, na yaliyo madogo yaache mazima, kwani ukiyakata membamba mno hugeuka rojo.

Tumia kisu chenye makali. Kisu butu hukandamiza jani badala ya kulikata, na utaona alama ya kijani ikibaki ubaoni. Huo ni utomvu uliopaswa kubaki ndani ya mboga. Tena kata muda mfupi kabla ya kupika.

5. Weka kila kitu karibu na jiko. Katakata kitunguu maji vipande vidogo, menya na kuponda kitunguu saumu, pima chumvi, andaa sahani ya kupakulia. Tangu majani yaingie sufuriani hutapata nafasi ya kutafuta kitu kabatini. Kama mlo una vyakula vingine, mboga ya majani ndiyo iwe ya mwisho kupikwa.

6. Pasha chombo na mafuta. Weka sufuria kwenye moto wa wastani kwa muda wa dakika moja, mimina mafuta, kisha izungushe ili yasambae. Ikiwa kikaangio chako ni cha aina isiyoshika chakula, tanguliza mafuta kabla ya kuwasha moto, kwani vyombo hivyo havipaswi kupashwa vikiwa vitupu. Tia kipande kimoja cha kitunguu: kikitoa viputo vidogo pande zote, mafuta yako tayari, kikikaa kimya, subiri, mafuta yakianza kutoa moshi, epua sufuria na uiache ipoe kidogo.

Angalizo la usalama: mafuta yakishika moto, usiyamwagie maji hata kidogo. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wake na usiiguse hadi ipoe kabisa.

7. Kaanga kitunguu maji kwa dakika 4 au 5, ukikigeuza mara kwa mara, hadi kilainike na kuanza kupitisha mwanga. Usikiache kiwe cha hudhurungi, maana utamu wa kitunguu kilichoiva sana huishinda ladha ya majani laini. Kwa majani magumu, ambayo yana uchungu kidogo, kitunguu kikianza kupata rangi ya dhahabu pembeni kitafaa.

8. Tia kitunguu saumu na ukigeuze kwa nusu dakika tu, hadi uisikie harufu yake. Vipande vyake ni vidogo na huungua mapema kuliko kitu kingine chochote sufuriani, na vikiungua huacha uchungu usiofichika. Ikitokea hivyo, ni heri kumwaga mafuta hayo na kuanza upya kuliko kutumaini kwamba chumvi au ndimu itaufuta.

Kama unapenda nyanya, huu ndio wakati wake. Tumia moja tu, iliyokatwa midogo, na uipike hadi maji yake yakauke na mafuta yaonekane tena pembeni. Watu wengi huyatia majani nyanya ikiwa bado ina rojorojo, kisha hushangaa mboga kuwa mchuzi. Ujue pia kwamba asidi ya nyanya hufifisha ukijani. Ladha itakuwa nzuri, lakini rangi haitang'aa kama ya mboga isiyo na nyanya.

9. Tanguliza sehemu ngumu. Mishipa ya kati uliyoikatakata na vikonyo vichanga viingie sasa, vikaangwe kwa dakika 2 au 3 kabla ya majani.

10. Ongeza moto, kisha tia majani kwa mafungu. Anza na konzi mbili au tatu, yageuze kutoka chini kwenda juu kwa mwiko hadi yanyauke, ndipo utie mengine. Ukiyamwaga yote kwa mara moja, joto la sufuria litashuka, na maji yatatoka kwa kasi kuliko yanavyokauka. Hapa tumia masikio yako pamoja na macho: mboga inayokaangwa hutatarika, ilhali iliyoanza kuchemka hutulia na kutoa mlio mzito wa maji yanayotokota. Ukisikia mlio umebadilika, acha kuongeza majani, yasogeze pembeni ili katikati ya sufuria pawe wazi, na usubiri maji yakauke.

Usifunike. Majani yakipata joto hutoa asidi zake, na sehemu ya asidi hizo hutoka pamoja na mvuke. Mfuniko huzirudisha chini zikiwa matone, nazo, kwa msaada wa joto, huondoa magnesiamu iliyo kiini cha klorofili, ambayo ndiyo rangi ya kijani ya jani. Kinachobaki ni ule ukijani uliochakaa, unaoelekea hudhurungi. Hiyo ndiyo nadharia pekee unayohitaji kuikumbuka ukiwa jikoni.

Majani magumu yaliyokomaa yana ruhusa ndogo: ukiona yamekaangwa kwa dakika 4 na bado yanatafunika kwa shida, nyunyiza vijiko vikubwa 2 vya maji, funika kwa dakika 2, kisha funua na umalizie kuyakausha kwa moto mkali. Usizidishe maji hayo.

11. Tia chumvi katika dakika ya mwisho. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya majani, na ukiitia mwanzoni unayafungulia maji mlango kabla sufuria haijawa na uwezo wa kuyakausha. Sababu ya pili ni ya kipimo: majani mabichi yanaonekana mengi, mkono nao hutia chumvi ya mengi, kisha yanaposinyaa chumvi ile ile inabaki katika mboga kidogo. Nusu kijiko cha chai, ambayo ni gramu 3 hivi, inawatosha watu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyakula vyake vyote, kwa hiyo kitoweo cha pembeni hakistahili kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho.

12. Onja, kisha epua. Toa kipande kimoja chenye kikonyo na ukitafune. Kikonyo kiwe kimelainika lakini bado kina ukinzani kidogo chini ya jino, na jani liwe na kijani kizito kinachong'aa. Pakua mara moja kwenye sahani pana, kwa sababu sufuria iliyozimwa bado ina joto na itaendelea kuipika mboga. Ndimu au limau ikamuliwe mezani, mboga ikiwa imeshapakuliwa, kwa sababu ile ile niliyoitaja kuhusu asidi na rangi.

Wakati wa kutokosa (kuchemsha majani kwa muda mfupi) kwanza

Yapo majani machungu, na yapo yanayoacha ukavu fulani kwenye meno na ulimi. Ukavu huo husababishwa na asidi ya oksaliki, iliyo nyingi katika spinachi na mchicha. Ukitaka kuipunguza, chemsha lita 3 za maji hadi yatokote kwa nguvu, tia majani, hesabu dakika 1 kwa majani laini au dakika 2 hadi 3 kwa magumu, kisha yatoe na kuyazamisha papo hapo kwenye maji ya baridi sana, ikiwezekana yenye barafu. Maji uliyotokosea yamwage, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba asidi na uchungu.

Kazi kubwa hapa ni kukamua. Chukua majani ya kujaza kiganja, yafinyange kuwa donge, kisha bana kwa mikono miwili. Mwanzoni maji yatatiririka, baadaye yatadondoka tone moja moja. Ukifikia hapo, acha, maana ukiendelea majani yatapondeka. Lichambue donge kwa vidole ili majani yaachane, kisha yaunge kuanzia hatua ya 6, ukijua kwamba sasa yanahitaji dakika 1 au 2 tu motoni.

Njia hii ina gharama yake. Sehemu ya vitamini C na ya foliki (moja ya vitamini B) huondoka na maji yaliyomwagwa, ndiyo maana siipendekezi kwa kila mboga wala kwa kila siku. Watu waliowahi kupata mawe ya figo ya aina ya oksaleti na kushauriwa na daktari kupunguza vyakula vyenye oksaleti ndio wenye sababu ya msingi zaidi ya kuitumia, au kuchagua majani yenye oksaleti kidogo kama kabichi na sukuma wiki.

Ukikwama

Mboga imejaa maji. Usiendelee kuipika kwa moto mdogo ukitarajia yatakauka, maana majani yatachakaa kabla maji hayajaisha. Toa majani kwa mwiko na kuyaweka kwenye sahani, acha maji peke yake sufuriani, ongeza moto hadi yabaki kijiko kimoja au viwili vizito, kisha rudisha majani na kuyageuza mara moja. Hutapoteza ladha wala virutubisho vilivyomo katika maji hayo.

Rangi imefifia. Rangi iliyokwisha kupotea hairudi. Wengine hutia magadi au soda ya kuokea ili kuilinda, na ni kweli ukijani hubaki, lakini majani hurojeka na vitamini C huharibika zaidi. Sikushauri. Safari ijayo punguza muda, usifunike, na ndimu uikamulie mezani.

Chumvi imezidi. Kaanga kitunguu kingine bila chumvi, au nyausha majani ya ziada bila chumvi, uchanganye. Kuongeza maji kutaiharibu mboga bila kuiponya.

Majani bado magumu ilhali muda umeisha. Ama yalikatwa mapana, ama yalikomaa mno kabla ya kuvunwa. Tumia ile ruhusa ya vijiko 2 vya maji na mfuniko, na uirudie mara moja ikibidi.

Ina uchungu. Tafuta kwanza kama kitunguu saumu kimeungua, kwa maana hilo halina dawa. Kama uchungu ni wa majani yenyewe, chumvi kiasi na ndimu mezani huupunguza, na safari nyingine uyatokose kwanza.

Mafuta yamejaa kinywani. Vijiko 2 kwa kiasi kilichotajwa vinatosha, wala usiyaondoe kabisa, kwani mafuta kidogo huusaidia mwili kufyonza rangi za mboga ambazo huzigeuza kuwa vitamini A. Mara nyingi tatizo huwa mafuta yaliyoingia yakiwa baridi: kitunguu na majani huyanyonya badala ya kukaangika.

Mchanga umesikika mezani. Mboga hiyo haiokoleki, kwa kuwa kuiosha ikiwa imepikwa huondoa kila kitu isipokuwa mchanga uliojificha kwenye mikunjo. Rudi kwenye hatua ya 2 na uifuate neno kwa neno.

Mabaki, na tahadhari moja ya kiafya

Mboga ya majani ni bora ikiliwa ikiwa bado moto. Ikibaki, isikae nje kwa zaidi ya saa 2. Iweke kwenye chombo kifupi na kipana chenye mfuniko ili ipoe upesi, itie kwenye friji, na uile ndani ya siku 1 au 2. Pasha kiasi unachokula tu, kwa moto mkali na kwa muda mfupi, hadi itoe mvuke kote, na isipashwe mara ya pili. Majani yana naitreti kwa asili, nazo huweza kugeuzwa na bakteria kuwa naitraiti, ambazo zinaweza kumdhuru mtoto mchanga, mboga iliyopikwa ikiachwa kwenye joto la kawaida, hivyo mabaki yaliyokaa nje asipewe mtoto mchanga anayeanza kula.

Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kubadili ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa sababu zina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Kwa kawaida hatakiwi kuziacha. Hutakiwa kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki.